Swali la Mbunge Huanzia Kwenye Kopo la Risiti

Kopo lilikuwa la biskuti, limeanza kushika kutu pembeni. Mama mmoja wa Magogoni, Kisauni, alilivuta kutoka chini ya kitanda, akalileta barazani, akalifungua juu ya mkeka. Ndani mlikuwa na risiti. Za zamani zimeandikwa kwa kalamu ya wino, namba ya kiwanja juu, jina la marehemu mumewe katikati, na chini yake maneno yale yale kila mwezi: kodi ya ardhi. Zilifuatana mwezi baada ya mwezi, mwaka baada ya mwaka, kisha zikakoma.

“Wakala wa mwenye shamba alikataa kupokea,” aliniambia. “Alisema nikae tu, nitaambiwa. Mwanangu, mtu akikataa pesa zako ujue anataka kitu kikubwa kuliko pesa.”

Nyumba yenyewe ni ile tunayoijua sote: vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi mrefu, paa la mabati mahali palipokuwa na makuti, choo na bafu uani. Chumba kimoja cha mbele kimetobolewa dirisha kubwa kikawa duka. Mama analala katika kimoja. Vinne vilivyobaki vina wapangaji. Kwa hiyo yeye ni mpangaji kwa mwenye ardhi na mwenye nyumba kwa wapangaji wake, siku hiyo hiyo na chini ya paa hilo hilo. Nimesoma karatasi za wapangaji wa Mombasa kwa miaka mingi, na sijaona mfano mwema zaidi wa kueleza kwa nini sheria zetu za upangaji zimetuchosha, na kwa nini mbunge anayesimama kumuuliza waziri habari zake anahitaji kwanza kuketi barazani hapo.

Ukitaja Magogoni kwa mtu wa Dar es Salaam, atafikiria Ikulu. Magogoni yetu ni mojawapo ya wadi saba za Kisauni, ng'ambo ya Daraja la Nyali, mahali ambapo Serikali huja mara nyingi kwa sura ya notisi. Ndiyo maana swali linaloulizwa Nairobi kwa niaba ya mtaa huu lina uzito wake. Kwa watu wengi, hiyo ndiyo njia pekee ya kumfanya mwenye mamlaka ajibu hadharani, maneno yake yakiandikwa.

Njia hiyo iliwahi kuzibwa. Chini ya katiba ya zamani mawaziri walikuwa wabunge, wakiketi ukumbini na wenzao, wakiulizwa na kujibu. Katiba ya 2010 iliwatoa: Kifungu cha 152 hakiruhusu mbunge kuwa waziri, na Kifungu cha 153 kinamtaka waziri afike mbele ya kamati ya Bunge anapoitwa na kujibu swali lolote kuhusu kazi aliyokabidhiwa. Mpango huo ulipoanza kutumika baada ya uchaguzi wa Machi 2013, maswali yakahamia vyumba vya kamati, na mwananchi akapoteza mazoea ya kumwona waziri akibanwa mbele ya Bunge zima. Ilichukua miaka 10. Mwaka 2023, baada ya Kanuni za Kudumu kurekebishwa, mawaziri walianza tena kusimama ukumbini na kujibu. Hawafiki wote wanapotakiwa, na zaidi ya mara moja Spika Moses Wetang'ula amelazimika kuwakemea wanaokosa. Hata hivyo mlango umefunguka.

Kisauni inaujua mlango huo kutoka pande zote mbili. Karisa Maitha alikuwa mbunge wa hapa, na mwaka 2003 akawa Waziri wa Serikali za Mitaa, akageuka kutoka muulizaji kuwa mwulizwa. Hassan Joho alikuwa mbunge wa hapa kuanzia 2007, akawa gavana wa kwanza wa Mombasa mwaka 2013, na mwaka 2024 akaingia katika baraza la mawaziri. Mbunge wa sasa, Rashid Bedzimba, alikuwa bungeni kati ya 2013 na 2017 kisha akarudi 2022. Uzoefu wa kuuliza na kujibu upo. Tunachokosa ni desturi ya kuliandaa swali kama wakili anavyoandaa kesi.

Tazama swali la kawaida linavyokuwa: “Je, Serikali ina mpango gani kuhusu wapangaji na maskwota wa Pwani?” Waziri atajibu kwamba Serikali inalifahamu tatizo na inalishughulikia. Jibu hilo haliwezi kupingwa kwa sababu halina kitu cha kushika, na halina kitu cha kushika kwa sababu swali lenyewe halikuwa nacho. Kuuliza si ujinga, lakini swali la jumla humpa mjibuji pa kujificha. Swali lenye namba ya kiwanja, jina la sheria na tarehe humnyima pa kujificha.

Basi turudi kwenye nyumba ya mama tuone sheria inasema nini chumba kwa chumba.

Mwenye duka la mbele analindwa na Sura ya 301, sheria ya mwaka 1965 kuhusu maduka, hoteli na mikahawa. Hana mkataba wa maandishi, na sheria hiyo ilitungwa kwa ajili ya watu kama yeye. Kodi yake iwe ndogo au kubwa, anayetaka kuipandisha au kumtoa lazima ampe notisi ya miezi miwili kwa fomu maalumu, naye anaweza kuipinga mbele ya mahakama ya kodi za biashara kabla haijafanya kazi.

Hatua tatu nyuma yake, ukuta mmoja kati yao, analala mpangaji wa chumba. Tuseme analipa Sh3,500 kwa mwezi. Sheria iliyotungwa kumlinda mtu kama yeye ni Sura ya 296, sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1959. Inakataza kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama ya kodi, na inamhesabu kuwa mkosaji mwenye nyumba anayemsumbua mpangaji kwa makusudi ili ahame au alipe zaidi. Ni sheria nzuri. Lakini haigusi nyumba ambayo kodi yake ya msingi inazidi Sh2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho kimebaki pale pale huku bei ya unga, saruji na nauli ya matatu ikipanda ngazi baada ya ngazi. Sheria haikufutwa na mtu yeyote. Iliachwa tu izeeke mpaka watu wake wakatoka nje ya mipaka yake mmoja mmoja, bila kuhama nyumba.

Akishatoka nje ya Sura ya 296, mpangaji wa chumba huangukia Sheria ya Ardhi ya 2012. Humo, anayelipa mwezi kwa mwezi anaweza kutolewa kwa notisi ya mwezi mmoja. Sheria hiyo hiyo, baada ya marekebisho ya 2016, inamtaka mwenye ardhi ya kibinafsi ampe notisi ya maandishi ya miezi mitatu hata mtu aliyeikalia ardhi hiyo bila idhini kabla ya kumfurusha.

Weka miezi hiyo sambamba. Aliyeingia bila ruhusa ana miezi mitatu. Mwenye duka ana miwili. Anayelala na watoto wake, aliyelipa kila mwezi bila kukosa, ana mmoja. Simwonei wivu skwota. Miezi yake mitatu ilipiganiwa kwa haki baada ya watu wengi kuvunjiwa nyumba alfajiri. Ninasema kwamba nchi ambayo Kifungu cha 43 cha katiba yake kinampa kila mtu haki ya makazi ya kutosha haiwezi kuieleza hesabu hii mbele ya mtoto wa shule.

Kuna jambo jingine ndani ya Sura ya 296 ambalo hata mawakili hulipita haraka. Sheria inazungumzia kodi ya msingi, ambayo si lazima iwe sawa na kodi inayotozwa. Kwa nyumba iliyokuwa imepangishwa tarehe 1 Januari 1981, kodi ya msingi ni ile iliyolipwa siku hiyo. Kwa nyingine, mahakama ya kodi huikadiria kwa mwezi kati ya asilimia 1.25 na 1.5 ya gharama ya kujenga na thamani ya ardhi. Sasa chukua nyumba ya Magogoni. Tuseme ujenzi wake uligharimu Sh600,000. Asilimia hizo zinatoa kati ya Sh7,500 na Sh9,000 kwa nyumba nzima, yaani Sh1,250 hadi Sh1,500 kwa kila chumba. Hapo mpangaji wa Sh3,500 anarudi ndani ya ulinzi wa sheria. Lakini ukiongeza thamani ya ardhi kwa bei ya Kisauni ya leo, anatupwa nje tena. Na ardhi hiyo si ya mwenye nyumba! Je, ihesabiwe kumtoza mpangaji thamani ya mali ambayo mwenye nyumba wake hana? Mimi naisoma sheria kwamba isihesabiwe. Mwingine anaweza kuisoma vingine. Mpangaji hatakiwi kungoja mawakili wakubaliane.

Hapo tumefika kwenye mzizi. Nyumba bila ardhi ni jambo ambalo mtu wa bara hulishangaa, lakini mwenyeji wa Mombasa amezaliwa nalo. Katika mila ya Pwani mtu aliweza kumiliki mnazi, mwembe au nyumba, na udongo ukawa wa mwingine. Walielewana kwa kodi ndogo na kwa kujuana. Kisha ikaja Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908, iliyowataka wenye madai katika ukanda wa maili 10 wa Sultani wayapeleke kwa msajili. Aliyejua karatasi alipata hati. Ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya kikoloni. Aliyekuwa ameketi tu, akilima na kuzika wazee wake hapo, akaamka amekuwa mpangaji au skwota. Mahakama za Pwani zimeendelea kuitambua nyumba bila ardhi, lakini mwenye nyumba ya namna hiyo anategemea zaidi mila, hukumu na uungwana wa mwenye shamba kuliko kifungu chochote kilichoandikwa kwa ajili yake. Uungwana huo huisha siku shamba linaporithiwa na wajukuu wasiomjua, au linapouzwa kwa kampuni.

Serikali inaweza kufanya jambo ikitaka. Kule Likoni, shamba la Waitiki, ekari 930, lilikuwa jeraha la miaka mingi. Serikali ililinunua kwa Sh1.2 bilioni, na Januari 2016 Rais Uhuru Kenyatta akaja kugawa hati. Maelfu ya watu walipumua. Lakini ununuzi hauponyi shamba la jirani. Kisauni, Changamwe na Jomvu hawakupata chochote kutokana na hati za Likoni, kwa sababu ule ulikuwa uamuzi wa shamba moja, uliosubiri utashi wa mkubwa mmoja. Sheria ingewafikia wote kwa siku moja.

Na sheria iliwahi kukaribia. Mswada wa Wenye Nyumba na Wapangaji wa 2021 ulikusudia kuziunganisha sheria tatu: Sura ya 296 ya nyumba, Sura ya 301 ya maduka, na Sura ya 293 inayomruhusu mwenye nyumba kukamata vyombo vya mpangaji anayedaiwa kodi. Bunge la 12 lilifika mwisho wake mwaka 2022 na mswada haukuwa sheria. Uganda ilimaliza kazi yake mwaka huo huo: sheria yao inakataza kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama na inaweka kikomo cha asilimia 10 kwa mwaka katika kupandisha kodi. Tanzania ilikwenda njia nyingine, ikaifuta sheria yake ya kudhibiti kodi mwaka 2005. Mtu anaweza kuipenda njia ya Kampala au ya Dodoma. Sisi tumekaa njiapanda, tukiwa na sheria iliyo hai vitabuni na iliyokufa mitaani.

Nasikia wenye nyumba wakiuliza: na sisi je? Wana haki ya kuuliza. Mama wa Magogoni hana pensheni. Vyumba vinne vile ndivyo vinavyomlisha na kumnunulia dawa. Mpangaji akikaa miezi mitano bila kulipa, ni yeye anayelala na njaa. Mahakama ya kodi iliyo karibu, ya bei nafuu na inayoamua kwa wiki badala ya miaka ingemsaidia yeye kama inavyomsaidia mpangaji. Kinachowaumiza wote wawili ni kukosa mlango wa kubisha. Mlango ukikosekana, mwenye nyumba hununua kufuli ya pili, naye mpangaji huhama usiku.

Huduma nazo zimefungamana na upangaji kuliko tunavyokiri. Tulipokuwa tukizipanga risiti, kijana wa mkokoteni alipita na mitungi yake ya maji, na mama akaninyamazisha kwa mkono ili amwite kabla hajafika mbali. Mfereji uani mwake upo. Haukutoa maji siku hiyo, na kwa maelezo yake hata siku zilizotangulia. Mpangaji wa chumba hulipa kodi inayodaiwa kuwa na maji ndani yake, halafu hununua maji hayo tena kwa mtungi.

Hapa mbunge akiuliza bila kupima atajibiwa kwa neno moja: ugatuzi. Jedwali la Nne la Katiba linaiachia kaunti huduma ya maji na usafi, mitaro ya maji ya mvua, zahanati, uzoaji taka, hata upimaji wa ardhi. Bomba la mtaani ni la kampuni ya maji ya kaunti. Lakini maji hayachimbuki mtaani. Mombasa hunywa kutoka mbali: Mzima, kwa bomba lililokamilika mwaka 1957, Marere, katika milima ya Shimba, visima vya Tiwi, na Baricho kando ya Mto Sabaki, ambayo maji yake huja kwenye matangi ya Nguu Tatu, hapa hapa Kisauni. Mitambo hiyo mikubwa iko chini ya shirika la Serikali ya kitaifa, na waziri anaijibia. Swali la mfereji mkavu mpelekee mwakilishi wadi amuulize gavana katika bunge la kaunti. Swali la kiasi cha maji kinachofika Nguu Tatu, na kinachopotea njiani, mpelekee waziri. Ukiyachanganya, kila mmoja atamnyooshea mwenzake kidole na mfereji utabaki mkavu.

Kwa hiyo ningekuwa na sikio la mbunge yeyote wa Mombasa bara, ningemwomba apeleke maswali matatu, kila moja kwa karatasi yake.

La kwanza, kwa Waziri wa Ardhi na Nyumba, wizara iliyokabidhiwa Alice Wahome mwaka 2023: kiwango cha Sh2,500 kitabadilishwa tarehe gani, mswada uliokufa 2022 utarudi bungeni lini, na kabla haujarudi, nani anamlinda leo anayelipa Sh3,500?

La pili, kwa waziri huyo huyo: ni viwanja vingapi vya Kisauni vyenye nyumba bila ardhi vimepimwa na kuorodheshwa, na ni kifungu gani kitakachomlinda mwenye nyumba siku ardhi inapouzwa chini ya miguu yake? Orodha ya namba za viwanja iambatanishwe.

La tatu, kwa Waziri wa Maji: kila siku ni mita ngapi za ujazo zinazotoka Baricho, ngapi zinafika Nguu Tatu, na tofauti hiyo itapunguzwa kwa kazi gani, kwa fedha za mwaka upi?

Ayaulize kwa Kiswahili. Kifungu cha 120 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Bunge, na jibu linaloeleweka Magogoni siku ile ile ni vigumu kulikana mwaka unaofuata.

Jibu likitoka, kazi ndiyo kwanza imeanza. Ahadi ni deni, na Bunge lina daftari la madeni: kila neno la waziri huingia katika Kumbukumbu Rasmi, na ipo Kamati ya Utekelezaji yenye jukumu la kufuatilia ahadi ambazo Serikali imetoa mbele ya Bunge. Mbunge aliyepata tarehe kutoka kwa waziri aizungushie duara, na siku hiyo ikipita aende na ukurasa wake mbele ya kamati. Na wananchi wasikae wakingoja. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi bungeni, na ombi lenye saini za nyumba 40 na namba 40 za viwanja humpa mbunge mgongo wa kuegemea. Mbunge tunamdai sauti na ufuatiliaji. Sisi tunadaiwa ushahidi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mama yule hakusoma sheria, lakini aliutii usemi huo kwa kopo lake. Nilimshauri asiache kutoa kodi kwa sababu tu wakala hataki kuipokea: aipeleke kila mwezi kwa njia inayoacha alama, aandike barua na kubaki na nakala, ili siku moja asije akaitwa mtu aliyegoma kulipa. Kisha tukachukua daftari la mjukuu wake. Yeye akasoma risiti ya mwisho kabla ya kimya, mimi nikaandika: namba ya kiwanja, mwezi, kiasi, jina. Aliposikia jina la mumewe alinyamaza kidogo, akaniomba niliandike vizuri, lisomeke. Nikaliandika tena kwa herufi kubwa. Jirani yake aliyekuwa amesimama mlangoni akaondoka bila kuaga, na alipoingia tena alikuwa na bahasha ya risiti zake.